Kukagua mabadiliko ya thredi na makufuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaopewa kazi ya kukagua msimbo wa chini: kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), madreva, maktaba za C, injini za hifadhidata, na programu za seva zinazoendesha thredi nyingi (mitiririko ya utekelezaji ndani ya programu moja) kwa pamoja. Mifano mingi nimeitoa kwenye kerneli ya Linux, kwa kuwa historia yake yote iko wazi na yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari. Hoja ninayoitetea ni moja: katika msimbo wa aina hii, usahihi hauthibitishwi na majaribio bali na hoja iliyoandikwa, na ni mkaguzi anayepaswa kuidai hoja hiyo.

Nimeletewa badiliko linalogusa kufuli. Nianzie wapi?

Anza na data, mistari iliyobadilika iache kwanza. Tafuta kila kigeu, orodha au muundo unaoguswa na thredi zaidi ya moja, kisha ujiulize: ni nini kinachoilinda data hii? Pengine ni kufuli fulani, linaloruhusu thredi moja tu kuingia kwa wakati mmoja. Pengine ni operesheni ya atomiki (isiyoweza kuonekana ikiwa nusu), au kanuni kwamba thredi moja tu ndiyo inayoandika, au ni kwamba data hiyo haibadiliki tena baada ya kuundwa. Yote hayo ni majibu halali. Lisilo halali ni kufuli A kwenye faili moja, kufuli B kwenye faili la pili, na hakuna chochote kwenye la tatu.

Kwa hiyo fungua msimbo mzima. Kiraka, yaani faili la mabadiliko, kinakuonyesha mistari michache juu na chini ya kilichobadilika, na hitilafu za thredi hupenda kukaa kwenye faili ambalo mwandishi hakuligusa kabisa. Tafuta wote wanaoita funksheni iliyobadilishwa. Tafuta wote wanaosoma ile sehemu ya muundo, hata wale wanaoisoma ili kuichapisha tu kwenye logi. Ukimaliza na bado hujui ni kufuli gani linalolinda nini, usidhani kwamba tatizo ni uelewa wako. Andika swali hilo kama maoni yako ya kwanza, maana atakayekuja baada ya miaka mitatu naye hatajua.

Majaribio yote yamepita, na yameendeshwa usiku kucha. Kwa nini nisiidhinishe?

Kwa sababu jaribio huonyesha mpishano mmoja tu wa thredi (mpangilio wa zamu zao) kati ya mingi isiyohesabika. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na katika jimbo la Ontario, Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakabaki gizani. Miongoni mwa sababu ilikuwa programu ya kutoa tahadhari katika chumba cha uangalizi huko Ohio, iliyoganda bila mtu kujua. Waendeshaji waliendelea kutazama skrini zisizo na onyo lolote huku njia za umeme zikidondoka moja baada ya nyingine. Uchunguzi uliochukua wiki kadhaa ulikuta kwamba michakato miwili iliweza kuandika kwenye data ileile kwa wakati mmoja kupitia mwanya mdogo sana wa muda. Watengenezaji wake walieleza kwamba mfumo huo ulikuwa umeshafanya kazi kwa zaidi ya saa milioni tatu kwa wateja wake bila kasoro hiyo kuonekana.

Saa milioni tatu. Majaribio ya usiku mmoja yasikutulize. Yanafaa kukamata makosa ya wazi, na badiliko ambalo halijajaribiwa lisifike hata mezani kwako, lakini hayawezi kukuambia kwamba mwanya haupo.

Mwandishi anakubali kuna mwanya, ila anasema ni wa nadharia tu. Nimjibu nini?

Mweleze habari ya Dirty COW. Hiyo ni hitilafu ya kerneli ya Linux iliyotangazwa Oktoba 2016 kwa namba CVE-2016-5195. Ilikuwa kwenye sehemu inayoshughulikia kurasa za kumbukumbu zinazonakiliwa pale tu mtu anapotaka kuziandika. Thredi moja inaandika kupitia /proc/self/mem (faili linalowakilisha kumbukumbu ya programu yenyewe), nyingine inaiambia kerneli tena na tena iitupe nakala hiyo kwa madvise, na kwenye mpishano fulani maandishi yanaangukia kwenye faili halisi ambalo mtumiaji ana ruhusa ya kulisoma tu. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida aliweza kujipa mamlaka ya msimamizi mkuu, kwenye seva na kwenye simu za Android pia.

Jambo linalomhusu mkaguzi liko kwenye ujumbe wa kiraka chenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza humo kwamba tatizo hilo lilijulikana miaka 11 nyuma, likarekebishwa vibaya, kisha rekebisho likaondolewa kwa sababu lilileta shida kwenye mashine za s390 za IBM. Akaongeza kwamba kilichokuwa cha nadharia tupu enzi hizo kilikuja kuwa rahisi kukichokoza kadiri mfumo wa kumbukumbu ulivyoboreshwa. Ndivyo inavyokuwa siku zote: kore (vitengo vya utekelezaji vya prosesa) zinaongezeka, njia za msimbo zinafupishwa, na mwanya uliokuwa hauingiliki unakuwa mlango. Tena mshambuliaji hategemei bahati. Anarudia mara milioni mpaka apate.

Nitajuaje kama badiliko linaweza kuleta mkwamo?

Mkwamo ni kusubiriana bila mwisho, na wa kawaida kabisa ni wa makufuli mawili. Thredi ya kwanza inashika A kisha inataka B, ya pili inashika B kisha inataka A. Fikiria sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lenye kufuli mbili. Mweka hazina amechukua ufunguo mmoja, katibu amechukua wa pili, kila mmoja amekaa nyumbani kwake akimngoja mwenzake alete wake. Fedha ziko salama, ila hakuna atakayekopa.

Dawa yake ni mpangilio mmoja unaofuatwa na wote: A kwanza, kisha B, popote pale. Mpangilio huo uandikwe. Ukifungua mm/filemap.c au mm/rmap.c kwenye kerneli utaukuta juu kabisa ya faili, ngazi kwa ngazi. Badiliko likiingiza kufuli jipya, mwulize mwandishi linaingia ngazi gani, na usipokee jibu la mdomo. Liingie kwenye maoni ya msimbo.

Mkwamo wa pili hujificha zaidi. Thredi imeshika kufuli, likatokea katizo la kifaa (ishara inayoisimamisha prosesa ili ishughulikie kifaa) kwenye kore hiyohiyo, na kishughulikia-katizo kinataka kufuli lilelile. Thredi haiwezi kuliachia kwa kuwa imekatizwa, katizo haliwezi kuisha kwa kuwa linasubiri. Ndiyo maana kuna spin_lock_irqsave, inayozuia makatizo kwenye kore hiyo kwanza. Kila ukiona spin_lock tupu, uliza kama kuna katizo au taima inayoligusa kufuli hilo.

Wa tatu ni wa kusubiri kazi iishe. Dreva anashika myuteksi (kufuli ambalo anayelisubiri hulala), kisha anaita cancel_work_sync ili kungoja kazi ya nyuma imalizike, na kazi yenyewe ndani yake inataka myuteksi huohuo. Hapa hakuna makufuli mawili ya kulinganisha, kwa hiyo jicho linapita tu. Jamaa yake ni kuita funksheni ya mtu mwingine, hasa ile iliyopokelewa kama kielekezi (anwani ya kumbukumbu), huku umeshika kufuli. Hujui itashika nini. Mimi hukataa jambo hilo karibu kila mara.

Spinloki au myuteksi?

Spinloki ni kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka palepale bila kulala. Swali ni kama kuna kulala ndani. Anayeshika spinloki haruhusiwi kulala, na kuomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL kunaweza kulala, kunakili data kutoka kwa mtumiaji kunaweza kulala, kushika myuteksi ndiyo kulala kwenyewe. Kama sehemu iliyolindwa ni fupi na iko kwenye katizo, spinloki. Vinginevyo myuteksi. Washa CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP na kerneli itakuonyesha wanaokiuka.

Vipaumbele vya thredi vinahusianaje na makufuli?

Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Kazi ya kukusanya data ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika myuteksi. Kazi ya juu iliyosimamia njia ya mawasiliano ndani ya chombo iliuhitaji myuteksi huo ikabaki inasubiri. Katikati zikaja kazi za kipaumbele cha wastani, ambazo hazikuhitaji myuteksi wowote, zikaichukulia ile ya chini prosesa. Mkubwa akawa anamsubiri mdogo, na mdogo anazuiwa na wa kati. Mlinzi wa mfumo alipoona kazi ya juu imechelewa, akawasha kila kitu upya.

Mfumo wake, VxWorks, ulikuwa na uwezo wa kumrithisha mshika kufuli kipaumbele cha anayemsubiri, ila kwa myuteksi ule uwezo huo haukuwashwa. Wahandisi waliuwasha kwa kutuma rekebisho kutoka duniani. Kujiwasha huko kulishawahi kuonekana kabla ya chombo kutua, lakini hawakufanikiwa kukurudia ili wakuchunguze. Kwenye mifumo yenye muda maalumu, kila kufuli linaloshikwa na thredi za vipaumbele tofauti liulizwe swali hili.

Ni lazima nijue mpangilio wa kumbukumbu?

Ikiwa msimbo unatumia makufuli ya kawaida kila mahali, hapana. Kushika na kuachia kufuli kunaleta mpangilio unaohitajika. Lakini mwandishi akishaanza kusoma na kuandika data ya pamoja nje ya kufuli, ni lazima, na hapo ndipo wakaguzi wengi hupitisha mambo kwa imani.

Chukua mfano unaojitokeza kuliko yote. Thredi ya kwanza inajaza data kisha inaweka bendera: tayari = 1. Ya pili inasubiri mpaka tayari iwe 1, kisha inasoma data. Kwa macho hakuna kasoro. Ila kompaila ina ruhusa ya kuzigeuza hatua hizo mbili za kuandika, na prosesa nayo inaweza kuzifikisha kwa kore nyingine kwa mpangilio tofauti na ulioandikwa. Prosesa za x86 ni kali kiasi: kwa kumbukumbu ya kawaida, kore nyingine huona uandishi kwa mpangilio uleule, na kinachoruhusiwa kuvuka ni usomaji uliokuja baada ya uandishi wa anwani nyingine. ARM haitoi ahadi hiyo. Simu karibu zote za Android mikononi mwa watu Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ni za ARM, na seva za ARM nazo zimekuwa jambo la kawaida. Kwa hiyo mwandishi anayesema "kwenye kompyuta yangu inafanya kazi" huenda anasema kweli, na msimbo wake bado ni mbovu.

Marekebisho ya mfano huo ni mawili, na lazima yaende pamoja. Upande wa kuandika utumie smp_store_release kwenye bendera, upande wa kusoma utumie smp_load_acquire. Katika C11 na C++11, zilizoingiza kanuni za kumbukumbu kwenye lugha mwaka 2011, ni memory_order_release na memory_order_acquire. Nasisitiza lazima yaende pamoja kwa sababu kosa ninalolitafuta kwanza ni kizuizi (agizo la kulazimisha mpangilio wa kusoma na kuandika) kisicho na mwenzake. Kizuizi cha kumbukumbu upande mmoja tu hakizuii chochote. Ukikiona kwenye kiraka, mwulize mwandishi: mwenzake yuko wapi? Ajibu kwa jina la funksheni na faili. Hati za kerneli zinadai kila kizuizi kiwe na maoni yanayokieleza, na skripti ya checkpatch.pl hulalamika yasipokuwepo. Fuata kanuni hiyo hata kama mradi wako hauna uhusiano na kerneli.

Na usikubali "nimeongeza kizuizi hapa, tatizo likaacha kutokea". Kizuizi hubadilisha muda wa thredi kama kitu kingine chochote kinavyobadilisha. Kuacha kutokea si maelezo.

Kutangaza kigeu kuwa volatile kunatosha?

Hapana. Katika C na C++, volatile haifanyi operesheni kuwa ya atomiki wala haipangi usomaji na uandishi wa vigeu vingine. Ndani ya kerneli tumia READ_ONCE na WRITE_ONCE, na nje yake aina za atomiki za lugha. Java ni habari nyingine, maana kanuni zake zilizorekebishwa kwenye Java 5 mwaka 2004 zinaipa volatile maana yenye nguvu zaidi. Wanaohama kutoka Java kuja C huanguka hapa.

Kufuli limeondolewa ili kuongeza kasi. Nikubali?

Dai vipimo kwanza. Si vya jaribio dogo la mwandishi, bali vya kazi halisi, kwenye mashine yenye kore nyingi, kabla na baada. Mara nyingi kufuli halikuwa tatizo: vigeu viwili visivyohusiana vilikaa kwenye mstari mmoja wa kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa), ambao kwa prosesa nyingi ni wa baiti 64, na kore zikawa zinanyang'anyana mstari huo. Kuvitenganisha kunatosha.

Vipimo vikiwa kweli, angalia njia iliyochaguliwa. Kuligawa kufuli kubwa kuwa madogo ni njia ya heshima, ila ni ndefu. Linux ilipoanza kutumia prosesa zaidi ya moja, kwenye toleo 2.0 la mwaka 1996, kerneli yote ilikuwa chini ya kufuli moja kubwa. Kuliondoa kabisa kulikamilika kwenye toleo 2.6.39 mwaka 2011. Miaka 15, kwa sababu kila kipande cha msimbo kilikuwa kinalitegemea kwa namna ambayo haikuandikwa popote.

RCU (read-copy-update), iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2002, inawaacha wasomaji wapite bila kufuli huku thredi inayoandika ikitengeneza nakala mpya na kungoja wasomaji wa zamani wamalize kabla ya kufuta ya zamani. Ni nzuri mno kwa data inayosomwa sana na kubadilishwa mara chache. Kwenye ukaguzi wake, fuatilia kielekezi kilichopatikana ndani ya rcu_read_lock: kikitumika baada ya rcu_read_unlock bila kushikilia hesabu ya watumiaji, hapo pana hitilafu. Thredi mbili zinazoandika bado zinahitaji kufuli kati yao, na hili husahaulika. Na synchronize_rcu hulala, kwa hiyo haiwezi kuitwa ndani ya spinloki.

Miundo ya kubuniwa nyumbani isiyo na kufuli, inayotegemea kulinganisha-na-kubadilisha (kubadilisha thamani ikiwa tu bado ni ile iliyosomwa), naipinga mpaka mwandishi anishawishi. Thredi inasoma kielekezi chenye thamani A, inasimama kidogo, kitu kilichoelekezwa kinafutwa na thredi nyingine na kumbukumbu yake inagawiwa upya kwenye anwani ileile, nayo inarudi kukuta A na kudhani hakuna kilichobadilika. Kama mwandishi hajaligusia tatizo hili kwenye maelezo yake, basi hajalifikiria.

Ni hitilafu gani hurudi mara kwa mara?

Kuangalia ndani ya kufuli, kutumia nje yake. Mchoro wake ni huu:

    Thredi 1                      Thredi 2
    shika(kufuli)
    p = tafuta(orodha, id)
    achia(kufuli)
                                  shika(kufuli)
                                  ondoa(orodha, id)
                                  achia(kufuli)
                                  futa(p)
    tumia(p)

Kila mstari peke yake ni sahihi, na kufuli limetumika kila mahali. Bado thredi ya kwanza inatumia kumbukumbu iliyokwisha kufutwa. Kinachokosekana ni kuongeza hesabu ya watumiaji wa p kabla ya kuachia kufuli. Kwenye kerneli hesabu hiyo iwe ya refcount_t, aina iliyoongezwa mwaka 2017 ili kuzuia hesabu kufurika na kurudi sifuri, wala isiwe atomic_t ya kawaida.

Njia za makosa nazo: funksheni ina return katikati na kufuli halijaachiwa. Pitia kila njia ya kutokea, hasa zile ambazo mwandishi ameziongeza kwa haraka. Tangu toleo 6.5 la mwaka 2023 kerneli ina guard, inayoachia kufuli yenyewe mwisho wa bloku, kama wanavyofanya watu wa C++ kwa std::lock_guard. Ila kuhamisha msimbo wa zamani kwenda mtindo huo kuwe kiraka chake peke yake, kisichanganywe na badiliko la tabia.

Na kuzima kifaa au kufunga moduli. Msimbo wa kuanza hukaguliwa kwa uangalifu, wa kumaliza hupitishwa. Taima imesimamishwa, lakini kazi ya nyuma inaiwasha tena. Kazi ya nyuma imesimamishwa, lakini katizo linaiita tena. Andika mpangilio wa kuzima kwenye karatasi na uone nani anaweza kumfufua nani.

Kwa nini mnasisitiza while badala ya if kwenye kusubiri?

Kwa kuwa POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, inaruhusu pthread_cond_wait (funksheni ya kusubiri sharti litimie) kurudi bila mtu kutoa ishara, na kwa kuwa hata ishara ikitolewa, thredi nyingine inaweza kuwahi na kuchukua kilichokuwa kinasubiriwa. Sharti liangaliwe upya, ndani ya kufuli, kila unapoamka. Pia hakikisha anayebadilisha sharti ameshika kufuli lilelile, la sivyo ishara inaweza kutolewa kati ya msubiri kuangalia na msubiri kulala, ikapotea.

Eneo hili ni gumu hata kwa mabingwa. Glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, iliandika upya utaratibu huu kwenye toleo 2.25 la mwaka 2017. Mwaka 2020 ikaripotiwa kwamba kwenye mpishano adimu ishara ingeweza kupotea na thredi ikalala moja kwa moja. Rekebisho lilitoka kwenye toleo 2.41, Januari 2025.

Zana zipi ziendeshwe kabla sijaangalia kwa macho?

Kwenye kerneli, lockdep, inayofuatilia mpangilio wa kushika makufuli, iliyopo tangu toleo 2.6.18 la mwaka 2006. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mkwamo utokee. Ikiona A kisha B leo asubuhi, na B kisha A jioni kwenye thredi nyingine, inapiga kelele. FreeBSD ina WITNESS kwa kazi hiyohiyo. KCSAN, iliyoingia toleo 5.8 mwaka 2020, hutafuta migongano ya data (thredi mbili kugusa data ileile pamoja bila kupangwa, angalau moja ikiandika). Kwa programu za kawaida kuna ThreadSanitizer ndani ya Clang na GCC, ambayo hupunguza kasi takriban mara 5 hadi 15, na Helgrind ya Valgrind. Kwa msimbo mdogo unaocheza na vizuizi vya kumbukumbu, andika jaribio fupi na uliendeshe kwenye herd7, ambayo hupitia matokeo yote yanayoruhusiwa na kanuni badala ya kubahatisha.

Kumbuka mipaka. ThreadSanitizer huona njia zilizopitwa tu. Na hakuna hata moja inayojua mwandishi alikusudia nini: data inaweza kulindwa na kufuli kila inapoguswa na bado salio likapungua mara mbili, kwa sababu kuangalia na kupunguza kulifanyika kwenye mishiko miwili tofauti.

Ujumbe wa badiliko uwe na nini ndani?

Mchoro wa safu mbili kama ule wa hapo juu, ukionyesha mpishano unaoleta hitilafu. Maneno "inarekebisha mgongano wa thredi" hayatoshi kabisa. Kisha maelezo ya kwa nini mpishano huo hauwezekani tena, si kwa nini umekuwa adimu. Kisha badiliko lililoleta kosa, kwenye mstari wa Fixes. Mwandishi asiyeweza kuchora safu hizo hajaielewa hitilafu anayoirekebisha, na kumrudishia kazi ni kumsaidia. Nimeona mara nyingi mtu akianza kuchora na kugundua mwenyewe, kabla hajamaliza, kwamba kiraka chake kimehamisha mwanya badala ya kuuziba.

Mwandishi ni mkubwa wangu kazini, na ana uzoefu wa miaka mingi. Nitampingaje?

Humpingi, unauliza. "Kaka, samahani, naomba nielekeze: tukifika hapa bila kufuli, nani anazuia ondoa() isipite katikati?" Swali la namna hiyo lina adabu na lina meno. Ama atakuonyesha kinachozuia, nawe utamwomba akiandike kwenye maoni ya msimbo kwa faida ya wengine, ama atanyamaza na kurudi na kiraka kipya. Chora safu mbili mwenyewe kama unaweza, maana mchoro hauna cheo.

Usiache kuuliza kwa kuogopa kuonekana mgeni. Jibu likiwa "hilo linajulikana na kila mtu hapa", basi kuliandika kutamchukua dakika moja tu. Na wewe mkubwa unayeulizwa, jibu. Kijana akishanyamazishwa mara moja hatauliza tena, na mwanya wa pili utapita mbele ya macho yake.

Naandika Go, Python au Rust. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Go ina kitambua-migongano tangu toleo 1.1 la mwaka 2013, kiwashe kwa -race. Python ilijilinda kwa kufuli moja la jumla kwa miaka mingi, ila toleo 3.13 la Oktoba 2024 lilileta muundo wa majaribio usio na kufuli hilo, na maktaba za C zilizolitegemea kimyakimya sasa zinapaswa kukaguliwa upya. Rust hukataa migongano ya data wakati wa kukusanya msimbo, kwa kuwa data imo ndani ya Mutex yenyewe na huifikii bila kuishika. Hilo linakupunguzia kazi kubwa. Mikwamo, mpangilio wa makufuli na kuangalia-kisha-kutenda vinabaki juu yako, na kila bloku ya unsafe (inayolegeza ukaguzi wa Rust) isomwe kama C.

Kiraka kinarudishwa kwenye toleo la zamani. Kimeshakaguliwa, nikikague tena?

Kikague, na kwa jicho kali zaidi. Kiraka kinaweza kuingia bila mgongano wa maandishi, kikakusanywa bila onyo, na bado kikawa kibaya kwa sababu kufuli kinalolitegemea liliongezwa baadaye. Kwenye tawi kuu anayeita funksheni anashika myuteksi, kwenye toleo la zamani hashiki. Fungua msimbo wa tawi lenyewe na upitie upya waitaji wote. Kama funksheni ina lockdep_assert_held ndani yake, hakikisha nayo imerudishwa pamoja na kiraka, kisha uendeshe msimbo wa tawi hilo lockdep ikiwa imewashwa kabla ya kuweka Reviewed-by, alama ya kwamba umekagua.